Drili ya betri inasumbua: kutoka dalili hadi chanzo

Drili ya betri ikigoma, wengi hubana triga kwa nguvu zaidi, huigonga ubavuni, au huirudisha betri kwenye chaja mara tano mfululizo. Hayo yote hupoteza muda, na wakati mwingine huharibu kitu kilichokuwa kizima. Betri za lithiamu-ioni hulindwa na sakiti inayokata umeme zikiisha, zikipata joto kupita kiasi, au zikidaiwa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake. Ndiyo maana drili iliyosimama ghafla mara nyingi si mbovu. Imekataa, na ina sababu. Sababu hiyo inatakiwa ijulikane kabla triga haijabanwa tena.

Kwa kila hatua inayokufanya uguse biti, kichwa kinachoibana, au matundu ya mota, toa betri kwanza. Kitufe cha mwelekeo kikikaa katikati hufunga triga, lakini usikitegemee vidole vikiwa karibu na biti, kwa sababu kitu kidogo tu kikikisukuma, triga iko wazi.

Namba za kuwa nazo kabla ya kuanza

Seli moja ya lithiamu-ioni huhesabiwa kuwa na volti 3.6. Ikijaa hufika 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya 2.5. Betri ya volti 18 ina seli tano zilizofuatana, kwa hiyo ikijaa mita itasoma karibu 20.5 hadi 21, na ikikaribia kuisha itasoma kama 15. Betri iliyoandikwa volti 20 ina seli tano zilezile. Mtengenezaji amehesabu volti za betri iliyojaa badala ya volti za kawaida. Betri ya volti 12 ina seli tatu: 12.6 ikijaa, karibu 9 ikiwa tupu.

Unapopima, weka mita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC). Ukiwa na mita ya kuchagua kiwango kwa mkono, tumia kiwango cha 200. Kwenye kiwango cha 20, betri iliyojaa huzidi kipimo na mita huonyesha 1 peke yake, na wengi wametupa betri nzima kwa kudhani imesoma volti moja. Gusa kituo cha chanya na cha hasi tu, na ncha za mita zisigusane. Betri hizi zinaweza kutoa makumi ya ampea kwa kufumba na kufumbua, kiasi cha kuyeyusha ncha ya mita na kukuunguza.

Njia ya haraka ya kujua upande wenye tatizo ni kubadilishana: betri unayojua ni nzima kwenye drili inayosumbua, na betri inayosumbua kwenye drili nyingine ya aina hiyohiyo. Kama una betri mbili, fanya hivyo kabla ya kufungua skrubu yoyote.

Dalili: haiwaki kabisa

Angalia kitufe cha mwelekeo kwanza. Kikiwa katikati, triga haibonyei au inabonyea nusu. Kisha sukuma betri mpaka kibano chake kilie. Betri iliyoingia robo tatu hushika gamba lakini haifiki kwenye vituo vya umeme.

Kama hayo yako sawa, toa betri utazame vituo vyake na vya drili. Vumbi la mbao likichanganyika na unyevu hujenga utando, na kituo kilichopinda hakigusi. Safisha kwa mswaki mkavu, au kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo, uache kikauke kabisa. Msasa usitumie, kwani huondoa madini yaliyopakwa juu ya kituo na baada ya wiki chache kutu inakuwa mbaya zaidi.

Sasa pima betri. Ikisoma 18 au zaidi na drili iko kimya, tatizo liko kwenye drili. Ikisoma sifuri, usihukumu mapema, maana baadhi ya betri hufunga umeme kwenye vituo mpaka ziingizwe kwenye chombo chake. Iweke kwenye chaja uone taa inasema nini.

Taa ya mbele ya drili nayo ni shahidi mzuri. Ikiwaka unapobana triga lakini mota haigeuki, umeme umefika kwenye swichi na hauendi mbele. Kwenye mota ya kaboni, yaani yenye vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, toa betri, geuza kichwa kwa mkono kidogo, rudisha betri, jaribu tena. Ikiamka baada ya hapo, kaboni zimekwisha au komuteta, yaani pete ya shaba ambayo kaboni huigusa, ina sehemu iliyoungua. Kaboni zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na mpya ziteleze ndani ya vishikio vyake bila kukwama. Kwenye mota isiyo na kaboni mshukiwa ni bodi ya kielektroniki, na bodi hiyo kwa kawaida hubadilishwa nzima pamoja na swichi.

Dalili: inaanza vizuri, kisha inakata

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na dalili hii ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje. Vitenganishe kwa kuangalia muda, joto na volti.

Ikikata ndani ya sekunde moja au mbili biti inapoingia kwenye kitu kigumu, na ikarudi mara tu unapoachia triga na kubana tena, hiyo ni kuzidiwa mzigo. Mota iliyobanwa huvuta mkondo mkubwa sana na ulinzi hukata. Rudi kwenye gia namba 1, ambayo ina kasi ndogo na nguvu kubwa. Kwa tundu kubwa, toboa kwanza tundu dogo la kuongoza, kisha panua. Biti butu huleta dalili hii hii, kwa hiyo itazame kabla ya kuilaumu mota.

Ikifanya kazi dakika kadhaa ndipo ikakata, na haitaki kurudi mpaka baada ya muda, ni joto. Shika gamba la betri na ubavu wa drili ujue ni kipi kimechemka. Kilichochemka kiache kipoe chenyewe kivulini kwa dakika 20 hadi 30. Kuweka betri ya moto kwenye friji au kuimwagia maji ni kosa, kwa sababu unyevu hujikusanya ndani ya gamba na kufika kwenye sakiti. Mota ikiwa ndiyo yenye joto, na betri unajua imepumzika, izungushe bila mzigo kwa kasi kubwa kama dakika moja. Feni yake ya ndani huipoza haraka kuliko kuiacha imesimama. Matundu ya hewa yaliyozibwa na vumbi, au na kiganja chako mwenyewe, huleta joto hili hata kwa kazi nyepesi.

Chanzo cha tatu ni betri iliyozeeka. Dalili yake ni hii: mita inasoma 19 au 20 betri ikiwa imepumzika, drili inazunguka vizuri hewani, ila ukigusa mbao tu inakata. Ukinzani wa ndani wa seli umepanda, na mkondo ukivutwa volti huporomoka mpaka ulinzi unadhani betri imeisha. Mara nyingi ni seli moja kati ya tano iliyochoka, nyingine bado zina nguvu. Kuchaji tena hakuwezi kuirudisha.

Kuna jambo ambalo wanunuzi hawaelezwi. Betri ya ampea-saa 2 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri hubeba) kwa kawaida ina seli tano tu, na ya ampea-saa 4 au 5 mara nyingi ina seli kumi, yaani jozi tano. Drili ikivuta ampea 30, kwenye betri ndogo kila seli inabeba zote 30. Kwenye betri ya seli kumi kila moja inabeba 15. Ndiyo sababu drili ileile inakata kwenye zege ikiwa na betri ndogo, na inatoboa bila shida ikiwa na kubwa. Kwa biti pana na misumeno ya duara ya kutobolea, tumia betri kubwa, uiache ndogo kwa kazi za juu ya kichwa ambako uzito ndio unaochosha mkono.

Dalili: chaja inakataa betri

Rangi na mwendo wa taa hutofautiana kati ya watengenezaji, na maana yake huchapwa kwenye kibandiko cha chaja au kwenye kitabu chake. Visome hivyo kabla ya kubahatisha. Hata hivyo, karibu chaja zote hutenganisha mambo mawili: betri ina joto au baridi kupita kiasi, na betri ni mbovu.

La kwanza ni subira tu. Seli nyingi zinatakiwa kuchajiwa zikiwa kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi, na mahali pazuri ni kati ya 10 na 30. Chini ya sifuri lithiamu hushindwa kuingia ndani ya grafiti, yaani kaboni iliyo upande mmoja wa seli, ikajipaka juu yake kama metali. Uwezo uliopotea hivyo haurudi, na utando huo unaweza kukua ukaunganisha pande mbili za seli kwa ndani. Betri iliyotoka kwenye kazi nzito nayo haitakiwi kuingia kwenye chaja papo hapo. Iache ifike joto la kawaida la chumba.

Kama betri haina joto na chaja bado inakataa, safisha vituo, jaribu betri nyingine kwenye chaja hiyo, kisha pima. Betri ya volti 18 ikisoma chini ya 12.5, seli zake zimeshuka chini ya kikomo. Hapa ndipo penye ushauri hatari unaozunguka sana: kuunganisha betri iliyokufa na betri nzima kwa nyaya mbili ili "kuiamsha" mpaka chaja iikubali. Usifanye. Seli iliyoshuka sana na kukaa hivyo huanza kuyeyusha shaba iliyo ndani yake. Ukiichaji tena, shaba hiyo hujijenga mahali pasipo pake na kutengeneza njia fupi ya umeme ndani ya seli. Betri inaweza kuonekana imepona, ikafanya kazi siku kadhaa, halafu ikashika moto ikiwa kwenye chaja usiku. Chaja ilikuwa sahihi ilipoikataa.

Chaja yenyewe ikiwa imekufa haitawasha taa yoyote hata bila betri. Jaribu soketi nyingine kabla ya kuitangaza mbovu. Chaja inayovuma kwa sauti isiyo ya kawaida au kuchemka ikiwa imechomekwa kwenye inveta ya bei nafuu inalalamikia umbo la umeme inaoupata. Ichomoe, utumie inveta inayotoa wimbi safi la saini (pure sine wave).

Kwa wenye drili za zamani za nikeli-kadmiamu, zenye seli za volti 1.2 (kumi na tano kwa betri ya volti 18): usichaji betri hizo kwenye chaja ya lithiamu, wala ya lithiamu kwenye chaja ya nikeli, hata kama plagi zinaingiana. Namna zinavyochajiwa ni tofauti kabisa, na lithiamu haivumilii kuchajiwa kupita kiasi.

Dalili: betri inajaa, lakini haidumu

Kila seli huzeeka, na joto ndilo linaloizeesha haraka zaidi. Betri iliyoachwa imejaa ndani ya gari lililoanikwa juani huumia mara mbili, kwa joto na kwa kukaa imejaa. Ukiwa na betri ambayo hutaitumia kwa wiki kadhaa, iache nusu, kama taa mbili kati ya nne za kipimo chake, nje ya drili na nje ya chaja, mahali pakavu pasipo na joto. Iangalie kila baada ya miezi mitatu hivi, uiongezee ikishuka hadi taa moja. Isihifadhiwe ikiwa tupu, maana hujimaliza yenyewe polepole na siku moja utaikuta chini ya kikomo kilichotajwa juu.

Kama betri ni mpya na haidumu, fanya hesabu. Seli za ukubwa unaoitwa 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, hubeba takriban ampea-saa 3.5 kwa zile bora kabisa. Betri ya seli tano za ukubwa huo iliyoandikwa ampea-saa 6 haiwezekani, hata mwandishi wa kibandiko angependa vipi. Mizani nayo inasema kweli: seli moja ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 hadi 50, kwa hiyo betri ya seli kumi lazima izidi gramu 450 kabla hata ya gamba. Ukiona betri "kubwa" iliyo nyepesi kama ndogo, ndani mna nafasi tupu au seli dhaifu.

Uwezo wa uongo ni hasara ya pesa. Ulinzi wa uongo ni hatari. Watengenezaji hugawa kazi ya ulinzi kwa njia tofauti: wengine huiweka yote ndani ya betri, wengine huigawa kati ya betri, drili na chaja. Betri ya kuiga, au kipande cha kuunganishia betri ya kampuni moja kwenye drili ya nyingine, kinaweza kuruka kabisa waya wa kupimia joto au ule wa kukata volti zikishuka. Drili itafanya kazi kama kawaida, na hakuna atakayejua kwamba hakuna tena anayeilinda betri.

Dalili: inazunguka, ila haitoboi

Anza na mwelekeo. Biti ikizungushwa kinyume husugua na kuchoma bila kula. Kisha angalia alama ya nyundo: kwenye matofali na zege iwe imewashwa, na kwenye mbao, chuma na vigae iwe imezimwa. Nyundo kwenye chuma huvunja makali ya biti, na kwenye kigae hupasua kigae.

Biti yenyewe isome kwenye ncha. Ya zege ina kipande cha kabaidi kilichobandikwa mbele, kipana kuliko mwili wa biti. Kwenye chuma itachoma tu. Ya chuma ikipelekwa kwenye zege inaharibika ndani ya sekunde chache. Ncha iliyogeuka rangi ya samawati imepata joto kupita kiasi. Biti za chuma laini cha kaboni zikifika hapo zimepoteza ugumu, na hata zile za chuma cha kasi huwa makali yake yamekwisha na zinahitaji kunolewa.

Kwenye chuma, kasi ndiyo inayowashinda wengi. Kwa biti ya milimita 5 kwenye chuma cha kawaida, takriban mizunguko 1,500 kwa dakika inafaa. Kwa milimita 10 ni kama 800. Chuma kisichoshika kutu kinataka nusu ya hapo. Gia 1 ya drili nyingi huishia kati ya mizunguko 400 na 550, gia 2 kati ya 1,500 na 2,000, kwa hiyo kwa biti za kuanzia milimita 8 kwenda juu ni salama kukaa gia 1 na kubana triga hadi mwisho. Piga alama kwa senta panchi (kipande cha chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo) ili biti isitembee, tia mafuta kidogo, na ukandamize vya kutosha kutoa unyuzi wa chuma. Ukiona unga badala ya unyuzi, biti inasugua. Kwenye chuma kisichoshika kutu, kusugua hugeuza uso wa chuma kuwa mgumu zaidi, na hapo hata biti mpya itashindwa.

Kwenye zege, vuta biti nje mara kwa mara vumbi litoke. Ikifika mahali ikagoma ghafla na sauti ikabadilika kuwa ya kilio, umegonga nondo. Sogeza tundu. Vumbi la zege na matofali lina silika inayoharibu mapafu, hivyo barakoa ya kuzuia vumbi laini na miwani ya kinga ni vya lazima hata kwa tundu moja. Na kabla ya tundu lolote la ukutani, tafuta nyaya na mabomba kwa kifaa cha kugundulia. Mahali pa kuogopa zaidi ni moja kwa moja juu, chini na pembeni mwa swichi na soketi.

Dalili: biti inateleza au inayumba

Biti ndogo mara nyingi hushikwa kati ya taya mbili badala ya tatu. Itazame kwa mbele huku ukikaza. Biti zenye shina la pembe sita zikae taya zikiwa juu ya sehemu bapa. Kaza kwa mkono mpaka usikie kichwa kikilia na kujifunga. Ile tabia ya kukishika kichwa kwa kiganja huku ukibana triga ili kijikaze chenyewe imewachubua wengi, na hukaza vibaya pia.

Kama biti imeshikwa sawa na kichwa kizima kinacheza, fungua taya hadi mwisho utazame ndani. Kwenye drili nyingi kuna skrubu katikati, na nyuzi zake ni za kinyume: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea mwendo wa saa na hukazwa kinyume chake. Kichwa chenyewe kina nyuzi za kawaida. Kukitoa, betri ikiwa nje na skrubu imetolewa, weka gia 1, bana ufunguo mkubwa wa pembe sita kwenye taya, ugonge mkono wake kwa nyundo ya mpira kinyume cha mwendo wa saa. Asiyejua habari ya nyuzi za kinyume huikaza ile skrubu mpaka kichwa chake kinakatika ndani.

Dalili: inalia "ta-ta-ta" na biti inasimama

Hiyo ni klachi, na imefanya kazi yake. Pete yenye namba huamua nguvu ambayo klachi itaachia, ili skrubu isizame au kukatika. Kwa skrubu anza na namba ndogo, upande taratibu. Kwa kutoboa, peleka pete kwenye alama ya biti, ambako klachi hufungwa. Ikiendelea kulia hata hapo, gia au klachi imelika na sanduku la gia linahitaji kufunguliwa.

Swichi ya gia ibadilishwe mota ikiwa imesimama. Ikigoma kuingia, usiipige. Geuza kichwa kidogo, meno yalingane, kisha sukuma tena.

Dalili: drili inakusokota mkono

Drili ya leo yenye nguvu ya nyutoni-mita 60 si ya kuchezea. Ukiishika umbali wa sentimita 20 kutoka katikati ya biti, biti ikikwama ghafla mkono wako unapokea msukumo wa nyutoni 300, sawa na kuzuia mzigo wa kilo 30, bila onyo. Kifundo cha mkono hakiwezi. Funga mpini wa pembeni, usimame vizuri kwa miguu yote miwili, na uweke mkono mahali ambapo drili ikigeuka itagonga kitu kigumu badala ya uso wako.

Wakati mbaya ni biti inapotokeza upande wa pili. Punguza shinikizo ukihisi inakaribia, na uweke kipande cha mbao nyuma ya bati au ubao. Bati jembamba lifungwe kwa klampu, lisishikwe kwa mkono, kwani likinaswa na biti linageuka kuwa upanga unaozunguka. Glavu pana, mikono mirefu ya shati, shanga na nywele ndefu viwe mbali na biti. Ikikwama, achia triga, geuza mwelekeo, itoe taratibu.

Dalili: cheche, harufu, moshi

Kwenye mota ya kaboni, cheche ndogo za samawati zinazoonekana kupitia matundu ni za kawaida, hasa kaboni zikiwa mpya. Cheche za rangi ya chungwa zinazozunguka komuteta yote si za kawaida: kaboni zimekwisha au mota imeungua. Kwa sababu ya cheche hizo, drili isitumike karibu na mvuke wa petroli, tina ya rangi au gesi.

Moshi au harufu ya vanishi iliyoungua ikitoka kwenye drili, toa betri mara moja. Harufu ikitoka kwenye betri, hasa harufu tamu kama ya kiyeyushi, usichukulie kuwa ni joto la kawaida. Seli inavuja.

Seli za drili nyingi zimo ndani ya mikebe ya chuma, kwa hiyo hazivimbi waziwazi kama betri ya simu. Usisubiri uvimbe ndipo ushtuke. Gamba lililopinda au kuyeyuka, betri inayochemka ikiwa haitumiki, sauti ya mfoko, au alama za majimaji kwenye vituo vinatosha. Vivyo hivyo betri iliyoanguka kutoka juu na kupasuka gamba, au iliyozama majini, hata kama mita inasoma vizuri. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko yote kwa sababu hupitisha umeme na kula sakiti kwa siku kadhaa. Betri kama hiyo isichajiwe, isifunguliwe, isianikwe juani. Iweke nje juu ya zege au mchanga, mbali na ukuta na vitu vinavyowaka.

Ikianza kutoa moshi kwenye chaja, kata umeme ukutani kama unaweza kufika bila hatari, watoe watu wote, usivute moshi huo kwani una gesi zenye sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni, na uite zimamoto. Kama umeme umekatwa na betri ni moja ndogo, maji mengi husaidia kwa sababu yanaipoza. Kizimamoto cha unga huua mwali lakini hakipozi, na seli za jirani zinaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye. Ndiyo sababu chaja inatakiwa kukaa juu ya kitu kisichoungua, mtu akiwa macho, betri ikitolewa inapojaa.

Kubeba na kutupa

Betri isiingie mfukoni au kwenye mkoba wenye misumari, funguo na sarafu. Weka kifuniko chake cha vituo, au kipande cha utepe wa umeme. Kwa safari ya ndege, zidisha volti kwa ampea-saa: 18 mara 5 ni wati-saa 90, chini ya kikomo cha 100 kinachokubalika bila kibali, 18 mara 6 ni 108, na hapo kibali cha shirika la ndege kinahitajika. Betri za akiba hukaa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye buti la ndege.

Iliyokwisha kabisa ifunge vituo kwa utepe, uipeleke panapokusanywa betri au vifaa vya kielektroniki vilivyochakaa. Ukiitia kwenye pipa la taka, gari la taka huigandamiza, na seli iliyobaki na chaji kidogo tu inatosha kuwasha mzigo wote.